Mwanao akipata sapu chuoni, utajua lini?

Mzazi mwenzangu, kijana wako alipokuwa kidato cha sita, ripoti ilifika mkononi mwako. Ilikuwa na mhuri wa shule, nafasi aliyoshika darasani na maoni ya mwalimu. Akitoroka bweni, ulipigiwa simu siku hiyohiyo.

Chuo kikuu hakuna ripoti ya namna hiyo. Mwanafunzi anahesabiwa kuwa mtu mzima. Matokeo yake yanawekwa kwenye akaunti yake katika mfumo wa chuo, na nywila anayo yeye. Asipokuambia mwenyewe, kwa kawaida hakuna atakayekuambia.

Ndiyo maana msimu wa mahafali hausemwi kuisha bila visa vya aina moja. Sare zimeshonwa, shangazi na wajomba wamepanda basi kutoka mkoani, kumbe kijana aliondolewa chuoni tangu mwaka wa pili. Muda wote huo hela ya chumba na ya chakula ilikuwa inatumwa.

Watu humlaumu kijana, na ni kweli kwamba amedanganya. Lakini sisi wazazi tujiulize: aliogopa nini hata akaona afadhali abebe uongo ule miaka miwili kuliko kutamka neno moja nyumbani?

Yajue maneno yao

Mara nyingi kijana haanguki kwa siku moja. Zipo hatua, na karibu kila hatua ina njia ya kurudi.

Katika vyuo vyetu vingi, alama 40 za kila somo hutokana na majaribio na kazi za muhula, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Aliyepuuza kazi za muhula huingia kwenye mtihani akiwa tayari ameachwa nyuma.

Akifeli somo, hupewa mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita sapu. Sapu si mwisho wa dunia. Wapo waliopata sapu mwaka wa kwanza na leo ni madaktari na wahandisi. Akifeli tena, kwa utaratibu wa vyuo vingi anaweza kulibeba somo hilo hadi mwaka unaofuata. Wastani wake ukishuka chini ya kiwango cha chuo, huondolewa. Hiyo ndiyo wanaiita kudisko.

Kati ya sapu na kudisko kuna muda, na ni ndani ya muda huo mzazi anaweza kusaidia. Mtoto akiwa mgonjwa, amefiwa au amelemewa, anaweza kuomba kuahirisha masomo na kurudi baadaye. Lakini maombi hayo hufanywa mapema, kwa maandishi na vielelezo. Ukipata habari baada ya matokeo, umechelewa.

Bumu nalo

Mkopo wa Bodi, unaojulikana kwa wanafunzi kama bumu, unahitaji mazungumzo yake. Kiwango cha juu cha fedha ya chakula na malazi kilipandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Kwa siku 60 hiyo ni Sh600,000, na huingia kwa mkupuo kwa kijana ambaye pengine hajawahi kushika hata Sh50,000 kwa wakati mmoja.

Wiki ya kwanza ni viatu, simu na chipsi kuku. Wiki ya sita ni kukopa kwa wenzake na kulala njaa, na mwenye njaa hasikii mhadhara. Kaa naye kabla hajaondoka, mgawe fedha hiyo kwa wiki, kodi ya chumba ikitangulia. Mkumbushe pia kwamba huo ni mkopo. Hata akidisko, deni linabaki.

Uliza vizuri

Wengi wetu tukipiga simu tunauliza, “Masomo yanaendaje?” Jibu ni lilelile: “Yanaenda vizuri, mama.” Simu inakatwa, umeridhika, na hujajua lolote.

Uliza kinachojibika. Muhula huu una masomo mangapi? Lipi linakusumbua? Majaribio yamesharudi, umepata ngapi kati ya 40? Unasoma na nani? Umekula nini leo?

Matokeo yakitoka, mwambie akija likizo mfungue akaunti pamoja, aitafsiri mwenyewe. Usimpokonye simu na usiombe nywila. Ukimpeleleza, atajifunza kuficha vizuri zaidi.

Zaidi ya yote, mwambie mapema, kabla hajafeli chochote: “Ukipata sapu, nataka niwe wa kwanza kujua, na sitakufokea.” Kisha siku akikuambia, shika ahadi hiyo. Usimtaje mtoto wa jirani, wala usihesabu ng’ombe waliouzwa kwa ajili ya ada. Muulize mtihani wa marudio ni lini, anahitaji nini, na kama ameshamwona mhadhiri au ofisi ya mshauri wa wanafunzi.

Unaweza kuumia moyoni, ni haki yako. Lakini ukimfokea kwa sapu ya kwanza, ya pili hataileta nyumbani.