Msiba Mmoja, Mashauri Matano

Mtu anayeumwa jino hamwendei mkunga, ingawa mkunga naye ni mtu wa tiba. Lakini akipatwa na shauri, huyo huyo husema tu, "Nakwenda kwa wakili," wala hajiulizi shauri lake ni la namna gani, wala mlango gani aubishe kwanza. Basi hutoa fedha, hupoteza siku, na mwisho huambiwa kwamba alikosea mahali pa kuanzia. Yatupasa tujue migawanyo ya kazi hii ya sheria.

Tuchukue mfano. Katika kata ya Ruanda, wilaya ya Mbinga, kuna kijiji cha Ntunduwaro, ambako makaa ya mawe ya Ngaka yalianza kuchimbwa mwaka 2011. Tuseme Mwislamu mmoja wa pande hizo amefariki. Wazazi wake walimtangulia. Ameacha mjane, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili, pamoja na shamba ambalo mchimbaji analitaka. Kabla ya arubaini, ndugu zake wanamwambia mjane, "Shamba ni la ukoo, wewe rudi kwenu." Je, mama huyu aanzie wapi?

Kwanza ni mirathi. Migawanyo hii yahusu wasia, madeni ya marehemu na mafungu ya warithi. Kama marehemu aliishi kwa kufuata Uislamu, shauri hupelekwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokaa, nayo humteua msimamizi wa mirathi. Msimamizi si mrithi mkuu, bali ni mtu wa amana. Yampasa atoe hesabu mahakamani katika muda wa miezi minne, ila mahakama ikimwongezea. Yakiisha mazishi, madeni na wasia usiozidi theluthi, tuseme zimebaki shilingi 3,200,000. Mjane apata thumuni, yaani 400,000. Mwana wa kiume 1,400,000. Na kila binti 700,000. Ndugu wa marehemu hawana fungu, maana mwana wa kiume huwazuia. Basi wanaomfukuza mjane hawana hoja kwa Qurani wala kwa mahakama.

Pili ni ardhi. Hapa huingia mipaka, hati, uuzaji na fidia. Ugomvi wa shamba la kijiji waweza kupelekwa kwa Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, na kati yao watatu ni wanawake. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halihukumu tena, bali husuluhisha. Siku 30 zikipita bila ya mapatano, mdai aweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ama fidia, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka iwe kamili, ya haki, na ilipwe bila ya kukawia. Na fidia ya shamba la marehemu ni mali ya warithi wote, si ya yule aliyewahi kutia sahihi.

Tatu ni kazi. Tuseme yule mwana aliachishwa kazi pasipo sababu. Shauri lake si la polisi. Huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tena katika siku 30 tangu alipoachishwa. Wengi wenye haki wameipoteza kwa kusema, "Nitakwenda mwezi ujao."

Nne ni jinai: wizi, kupiga, kughushi. Ikiwa mtu ameghushi wasia wa marehemu, huyo amekosa mbele ya Jamhuri, na Jamhuri ndiyo humshitaki. Mjane hahitaji kumlipa wakili ili mwovu ashitakiwe. Yampasa apeleke habari polisi. Lakini akitaka kurudishiwa deni alilokopesha, hilo ni dai, nalo si kazi ya polisi.

Tano ni ndoa. Mjane huyu huenda akatakiwa athibitishe kwamba aliolewa, na hapo cheti cha ndoa huwa ngao yake. Ama walio hai wakitaka kuachana, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yawataka kwa kawaida waende kwanza kwenye baraza la usuluhishi, kisha mahakamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Basi asidharauliwe mwanamke kwa kuwa hakuleta mshahara.

Asiye na fedha asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huwasaidia wanyonge bila ya malipo. Kuuliza si ujinga.

Enyi akina baba, dawa bora ni ile itangulizwayo. Andikeni madeni yenu, yale mnayodai na yale mnayodaiwa. Wekeni cheti cha ndoa na karatasi za shamba mahali ambapo mke na watoto wanapajua. Nanyi vijana, wasomeeni wazazi wenu karatasi hizo. Anayekula mali ya yatima amejitia moto tumboni, na anayeiacha nyumba yake gizani amemfungulia mlango. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wa amana. Amina.