Pesa Huja na Giza la Mwezi



Ndugu Waislamu, mara nyingi watu wa milimani husema kwamba sisi wa ufukweni hatujui kuweka pesa. Mvuvi akipata anakula, akikosa anakopa. Maneno hayo yana ukweli kidogo, ila wanaoyasema hawajalitazama ziwa.

Rumonge iko kiasi cha kilomita 75 kusini ya Bujumbura, kwenye ukanda mwembamba wa tambarare: milima nyuma, Tanganyika mbele. Riziki kubwa ya hapa ni mawese na samaki. Mchikichi unaupanda ukaungoja miaka mitatu au minne, kisha unakuzalia miaka zaidi ya ishirini. Ndagala hawana subira hiyo. Wanavuliwa usiku kwa taa, nao huifuata taa pale penye giza. Mwezi ukishapevuka, taa haiwavuti tena, na mitumbwi inapumzika. Mwenye michikichi na mwenye mtumbwi waweza kuwa ndugu wa tumbo moja, na kwa habari ya pesa wakawa mbali kabisa. (Na yule wa mawese ndiye tunayemwita bahili!)

Basi mvuvi anaishi kwa mwezi wa angani, kama ibada zetu zilivyo. Mapato yake hayajui tarehe 30. Hata hivyo baadhi ya madrasa hudai ada mwisho wa mwezi wa kizungu, ambao huenda ukaangukia mbalamwezi, nyumba haina kitu. Mtoto anarudishwa, baba anaonekana mpuuzi. Kwa maoni yangu ada ikusanywe siku za giza. Na siku hizo tusishangae darasa la asubuhi likiwa tupu: watoto wako ufukweni wanaanika ndagala na mama zao. Wasomeshwe baada ya Alasiri. Zile siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15, baba yupo nyumbani. Afunge Sunna, na awasikilize watoto walichohifadhi.

Lililo zito zaidi ni hili. Mwaka 2024 nchi za ziwa zilisimamisha uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Silipingi, ziwa limechoka. Lakini miezi mitatu bila mavuvi ni chakula, ni ada, ni deni la dukani, na kuna watakaoukimbilia mkopo wa riba. Wanaoumia kwanza ni vibarua, wasio na mtumbwi wala wavu. Nabii Yusuf (A.S.) aliijua miaka ya shida kabla haijafika, akaweka nafaka ghalani. Sisi nasi tarehe tunazijua. Ghala letu liko wapi?

Napendekeza kila msikiti wa ufukweni uwe na sanduku. Kila mtumbwi ukishusha samaki utoe kidogo, kuanzia Septemba hadi Aprili, na wenye mashamba ya michikichi wawakumbuke vibarua hao katika zaka zao, maana wengi wao wanastahiki. Ufunguo washike watu watatu, na mmoja wao awe mwanamke katika wale wanaoanika ndagala. Hao ndio wanaojua nyumba ipi imelala bila kupika.

Wabillahi tawfiq.