Tamko Kuhusu Walikotoka Majaji wa Mahakama ya Rufani



Sisi wanachama wa chama cha wasaidizi wa kisheria, tunaofanya kazi vijijini na magerezani chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, tunatoa tamko hili kuhusu jambo ambalo wanasheria hulizungumza wao kwa wao na wananchi hawalisikii: Majaji wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania wanatoka wapi kikazi, na wanapatikanaje. Msimamo wetu ni huu. Mwananchi ana haki ya kujua Jaji wa Rufani alifanya kazi gani kabla ya uteuzi, na wanaofaa kuteuliwa watafutwe kwa uwazi miongoni mwa wanasheria wa kila aina, wakiwamo waliotumia miaka yao kuwatetea watu wasio na uwezo.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu watu tunaowahudumia huishia katika mahakama hiyo. Mfungwa aliyeshindwa Mahakama Kuu ana siku 30 za kuwasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufani, na mara nyingi huipitisha kwa mkuu wa gereza. Wenye kesi za mauaji hupewa wakili kwa gharama za Serikali. Wengine wengi husimama wenyewe, na sababu za rufani zilizoandikwa kwa msaada wa mfungwa mwenzao, huku upande wa pili amesimama Wakili wa Serikali. Mwenye shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Mwanzo hafiki huko mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria ya kuamuliwa. Akifika, amefika mwisho. Juu ya Mahakama ya Rufani hakuna mahakama nyingine nchini.

Katiba inataka rufani isikilizwe na majaji wasiopungua watatu, na uamuzi uwe wa walio wengi. Katika jopo la watatu, basi, mawazo ya wawili yanatosha kumfungua mtu au kumbakiza gerezani miaka 30. Sheria wanayoisoma ni ile ile, lakini jicho la kuisomea hutokana na kazi. Aliyewahi kuandaa mashtaka hugundua upesi utetezi wa kutunga. Aliyewahi kumtetea mshtakiwa hugundua upesi ushahidi wa utambuzi uliochukuliwa gizani, au maelezo ya onyo yaliyoandikwa baada ya muda wa kisheria kupita. Jopo linawahitaji wote wawili.

Mahakama hii ilianzishwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki kutoweka pamoja nayo. Tangu hapo Majaji Wakuu walioiongoza wametoka katika kazi mbalimbali, na hilo tunalisema kwa heshima. Jaji Francis Nyalali aliwahi kuwa hakimu, kisha akaongoza Baraza la Kudumu la Kazi, mahali ambapo mfanyakazi na mwajiri walikuja na malalamiko yao. Jaji Augustino Ramadhani alikuwa Brigedia wa Jeshi la Wananchi, na aliwahi kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar. Jaji Mohamed Chande Othman alikuwa mwendesha mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha, na baadaye Timor ya Mashariki chini ya Umoja wa Mataifa. Profesa Ibrahim Juma alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuongoza Tume ya Kurekebisha Sheria. Jaji George Masaju, aliyeteuliwa Jaji Mkuu Juni 2025, aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Ni watu wa uzoefu mkubwa. Lakini zitazameni njia zao: uhakimu, jeshi, mashtaka, chuo kikuu, ofisi ya Serikali. Kati ya hao watano hakuna aliyefika kileleni kwa jina alilojijengea katika uwakili wa kujitegemea au katika msaada wa kisheria. Katiba haikuwafungia mlango mawakili hao. Ibara ya 109 inamtambua mwenye shahada ya sheria aliyekuwa hakimu, au mtumishi wa umma mwenye sifa za uwakili, au mwenye sifa za kusajiliwa kuwa wakili. Ibara ya 118 inataka Jaji wa Rufani awe amekuwa na sifa hizo kwa muda usiopungua miaka 15. Mlango uko wazi katika maandishi. Tatizo liko katika namna ya kuuingia, kwa kuwa Rais huteua baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, na mashauriano hayo mwananchi hayaoni. Yeye husikia majina siku ya kutangazwa, pamoja na cheo alichokuwa nacho mteule siku hiyo, basi.

Wapo wanaosema kwamba jaji mzuri ni mzuri, awe ametoka wapi. Hoja hiyo ina ukweli wake. Mwaka 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay, ni Jaji Nyalali, mtumishi wa umma kwa miaka mingi, aliyeandika hukumu iliyosema kwamba haki ya mwanakijiji juu ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, wala haiwezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Sisi tunaishika hukumu hiyo kila tunapokaa na wakulima waliotishwa kuondolewa. Kwa hiyo hatusemi kwamba aliyetoka serikalini huegemea Serikali. Tunasema kwamba mahakama ya mwisho isitegemee bahati ya kumpata Nyalali mwingine.

Wenzetu wa Kenya walichagua njia nyingine katika Katiba yao ya mwaka 2010. Tume ya Utumishi wa Mahakama hutangaza nafasi, huwahoji waombaji hadharani, na ibara ya 166 inawataja waziwazi wanazuoni na mawakili pamoja na majaji. Ndiyo iliyomwezesha Dkt. Willy Mutunga, mwalimu wa sheria na mwanaharakati ambaye hakuwahi kuwa jaji, kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011. Njia hiyo nayo ina mitihani yake: kati ya majina ya majaji yaliyopendekezwa mwaka 2019, Rais aliteua 34 Juni 2021, akaacha sita, nao waliapishwa Septemba 2022 chini ya Rais mwingine. Ila hata mvutano huo wananchi waliuona, wakajua nani amekataliwa na nani amekataa.

Tunachokiomba sisi hakihitaji kubadili Katiba hata neno moja. Ibara ya 118 haimzuii Jaji Mkuu kutangaza nafasi na kupokea maoni ya mawakili, mahakimu, vyuo na wananchi wa Bara na Zanzibar kabla ya kumshauri Rais. Tunamwomba aanze kufanya hivyo. Tunaiomba Mahakama ichapishe kwa Kiswahili wasifu kamili wa kila Jaji wa Rufani: ofisi alizotumikia, miaka, na aina ya mashauri aliyoyashughulikia, ili hata mrufani asiye na wakili aweze kumwomba jaji ajitoe pale anapoona sababu. Miaka ya kutoa msaada wa kisheria nayo ihesabiwe kuwa uzoefu, sawa na miaka ya kuendesha mashtaka.

Nanyi mawakili mnaowatetea maskini bila malipo, mkitajiwa uteuzi msikatae kwa kuogopa kipato kupungua. Kubalini, mkakae katika jopo.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji kwa niaba ya wanachama wote.