Mizizi na Vidonge: Tusiwadanganye Wazee Wetu

Hapa Kipushi, muzee akianza kuamuka mara tano kila usiku juu ya kukojoa, watu wanagawanyika. Wamoja banasema: «Baba, kunywa mizizi, ile ya hopitali ni mambo ya Wazungu.» Wengine wanaicheka mizizi yote na kuiita ujinga. Mimi ninasema pande zote mbili zimepoteza njia, na anayelipa ni muzee.

Wenye kucheka wasikilize kwanza. Muti unaoitwa Prunus africana unaota katika milima ya baridi, kama ile ya Kivu. Wakubwa wa Afrika walitumia maganda yake kwa magonjwa ya mikojo. Mufaransa Jacques Debat aliandikisha dawa yake katika 1966, na maganda ya Afrika yakaenda Ulaya kuwa vidonge. Sasa ujinga uko wapi? Katika 2002 wataalamu walikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1.562: wenye kunywa dawa ile walipunguza kuamuka usiku kwa 19 kwa mia. Lakini majaribio yale yalikuwa ya miezi michache tu.

Wenye kusifu mizizi nao wasikilize. Matunda ya mutende mufupi wa Marekani yalisifiwa vilevile. Katika 2006 yakapimwa mwaka muzima kwa wanaume 225: hayakupita kidonge cha bure kisicho na dawa. Na ile chupa ya sokoni, nani anajua ni muti gani, na kipimo gani?

Dawa za famasi nazo haziko miujiza. Tamsulosini inalegeza nyama za shingo ya kibofu, na nafuu inaonekana kwa siku chache, lakini inaweza kuleta kizunguzungu. Finasteridi inapunguza prostati yenyewe, inaomba karibu miezi sita, na inaweza kulegeza nguvu za kiume. Lakini jaribio lililotangazwa katika 2003, la wanaume zaidi ya 3.000 kwa miaka minne na nusu, lilionyesha kwamba finasteridi inapunguza hatari ya mikojo kufungana na ya kupasuliwa. Maganda hayajapimwa hivyo.

Jirani yangu mmoja alivumilia na chupa yake mpaka mikojo ikakatala kabisa siku mbili. Haikuwa mizizi iliyomuumiza. Ni haya, na wale waliomuambia «ngoja bado kidogo». Dalili zilezile zinaweza kuficha kansa, sukari ao figo zinazoharibika. Chupa haiwezi kutofautisha.

Basi, kuheshimu desturi haiko kufunga macho. Babu zetu walijaribu, wakaona, wakachagua. Sisi tufanye vile: muzee apimwe kwanza, aseme kwa munganga kila kitu anachokunywa, kisha achague. Damu katika mikojo, ao mikojo kufungana: hopitali siku ileile.

Watoto, ulizeni baba zenu. Wao wenyewe hawatasema.