Mtoto Asiyetulia Si Lazima Awe Mtundu

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Hivyo ndivyo ubongo wa mtoto aliye hai ulivyokuwa kwa miaka mingi. Leo madaktari wanaweza kuuchungulia bila kumpasua mtu. Mashine ya MRI hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio, haitumii eksirei, kwa hivyo mtoto mmoja anaweza kupigwa picha mara kadhaa anapoendelea kukua.

Na picha hizo zimesema nini? Zimeonyesha kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kupanga mambo na kujizuia, ni miongoni mwa zinazochelewa sana kukomaa, hata baada ya mtu kutimiza miaka 20. Tena, mwaka wa 2007 Philip Shaw na wenzake huko Marekani walilinganisha watoto 223 wenye tatizo la kutotulia na kukosa makini, liitwalo ADHD, na wengine 223 wasio nalo. Kwa wasio nalo, nusu ya tabaka la nje la ubongo ilifikia unene wake wa juu kabisa wakiwa na umri wa miaka 7 na nusu. Kwa wenye tatizo ilikuwa miaka 10 na nusu. Yaani njia ni ile ile, ila wengine wanachelewa.

Jamani, anayechelewa njiani huchapwa ili afike? Katika shule ya msingi niliyosoma kulikuwa na mwenzetu ambaye hakuweza kukaa kitini dakika kumi. Aliitwa mtundu, kisha mvivu, kisha watu wakanong'ona eti amerogwa. Viboko alivila vingi, ijapokuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 imepiga marufuku adhabu hiyo. Tulipofika darasa la saba aliacha shule, na hadi leo hajarudi. Sisemi alikuwa na ADHD, mimi si daktari. Nasema hakuna aliyeuliza.

Wapo watakaosema, "Basi kila mtukutu apelekwe apigwe picha!" La hasha! Hesabu hizo ni za wastani wa watoto wengi. Picha ya mtoto mmoja peke yake haiwezi kumthibitishia daktari kwamba huyu ni mgonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba kulinganisha ubongo na tabia kwahitaji maelfu ya watu ndipo majibu yaaminike.

Mpaka sasa, daktari humtambua mtoto kama huyo kwa kumwuliza mwenyewe, mzazi wake na mwalimu wake. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Walimu wetu wapendwa, nyinyi mnatuona kutwa nzima, jambo ambalo mashine haiwezi. Badala ya kushika kiboko, shikeni kalamu. Andikeni ni katika somo gani hatulii, na tangu lini. Kisha mwiteni mzazi, mshauriane, ampeleke hospitalini. Nasi wanafunzi tuache kumcheka mwenzetu na kumpachika majina.

Samaki mkunje angali mbichi, ni kweli. Lakini ukimkunja kwa hasira, jamani, utamvunja.