Sinema ya Baiskeli

Ndugu wafanya kazi wa Kitale na Bungoma, wako wasemao kwamba sinema za ng'ambo si zetu. Twakataa. Katika Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, iliyotoka Italia mwaka 1948, Antonio apata kazi ya kubandika matangazo mjini Roma, kwa sharti aje na baiskeli yake. Mkewe aweka rehani mashuka ya kitanda ili waikomboe. Siku ya kwanza kazini yaibwa. (Aliyemwigiza, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanya kazi wa kiwanda hasa.) Watazamaji humlaani mwizi tu. Sisi twauliza juu ya lile sharti! Mwenzetu wa bodaboda aendeshaye pikipiki ya kukodi, ikiibwa, kazi imekwisha na deni limebaki. Mwenye pikipiki na aikatie bima, kwa fedha yake.