Waliorudi kusali Garissa

Mhariri,

Magazeti hukumbuka idadi ya waliouawa Garissa. Waliobaki wakisali hawatajwi sana.

Alfajiri ya Aprili 2, 2015, Alhamisi Kuu, wanafunzi Wakristo walikuwa wamekusanyika darasani kwa maombi ndani ya Chuo Kikuu cha Garissa wakati wanamgambo wa al-Shabaab walipovamia. Watu 148 waliuawa siku hiyo. Jumapili ikawa Pasaka, na katika kanisa kuu la Katoliki mjini humo waumini walihudhuria misa wakilindwa na askari wenye bunduki. Kanisa hilo lenyewe lilikuwa limerushiwa guruneti Julai 1, 2012, siku ambayo watu 17 waliuawa katika shambulio la kanisa la AIC (African Inland Church) mjini humo. Mama aliyeingia pale na mtoto mkononi alijua fika alikokuwa akiingia. Hiyo ndiyo imani, na inastahili kuandikwa.

Nao majirani hawakukaa kando. Baada ya mauaji ya 2012, viongozi wa Kiislamu walijitolea kutoa vijana wao walinde makanisa. Desemba 2015, karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo basi lao liliposhambuliwa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Januari hiyohiyo chuo kilifunguliwa tena. Wakristo walio wachache huku bado husali kila Jumapili, wakikaguliwa mlangoni kwanza. Gazeti lako litume mwandishi Pasaka ijayo, aketi nao, awasikilize.

Msomaji,
Garissa